Kubadilisha valvu za pawa kwenye ampu ya nyumbani: mwongozo kamili, na mfano ni Dynaco ST-70 yangu

Mita ilikuwa inasoma volti 1.56 kamili, namba ileile ambayo kitabu cha Dynaco kinaitaka, na mimi nimejikalia kwenye kigoda naiangalia kwa raha zote najua kazi imeisha, kumbe valvu moja ya upande wa kushoto imewiva, bati lake la ndani jekundu kama kaa la jiko. Nikachomoa waya wa ukutani, sijui hata niliufikiaje. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubadilisha valvu za pawa na nilifuata kila nilichosoma, isipokuwa kitu kimoja ambacho nitakieleza mbele kwa sababu ndo kinachounguza ampu za watu wengi.

Huu mwongozo ni kwa mtu mwenye ampu ya valvu sebuleni, iwe ya kurithi, ya kuletewa na ndugu aliyeko nje au zile za Kichina za kuagiza mtandaoni, na sasa kamdudu kameshamwingia anataka kujaribu valvu nyingine asikie tofauti. Mfano wangu wote ni ST-70 kwa sababu ndo ninayoijua nje ndani: ilitoka 1959, kazi ya David Hafler, wati 35 kila chaneli, valvu nne za pawa za EL34, rektifaya moja ya GZ34 (valvu inayogeuza AC kuwa DC), na wengi waliinunua ikiwa vipande kwenye boksi wakaiunga wenyewe mezani. Ukiielewa hii, za watu wengine hazitakusumbua sana.

Jambo moja niliseme mapema. Valvu nne zinaingia kwenye kifurushi kidogo cha posta, ila transfoma unaisafirisha kwa kilo na bei yake utaisikia kwenye mgongo. Kwa hiyo kila uamuzi hapa chini unaanza na swali la transfoma itaumia au haitaumia, sauti baadaye. Na la pili, sehemu kubwa ya hiyo "sauti ya valvu mpya" watu wanayoisifia ni bayasi (kiasi cha mkondo valvu inachopitisha bila muziki) iliyowekwa upya, au upande mmoja umepiga juu kidogo kuliko mwingine. Usipopima unalinganisha bayasi, hulinganishi valvu.

Kwanza usife

Ndani ya ST-70 kuna volti 415 hivi za DC na zinabaki kwenye kapasita hata ukishazima. Chomoa waya ukutani, subiri, afu pima kwa mita kwenye kapasita kubwa mpaka uone imeshuka chini ya volti 10. Kama haishuki, ishushe kwa resista ya kilo-ohm chache yenye wati za kutosha, uishike kwa koleo yenye mpira, usipige shoti kwa bisibisi kama mafundi wanavyopenda ule mlipuko. Ukilazimika kupima ikiwa imewaka, mkono mmoja mfukoni, umevaa viatu, na watoto wako nje. Pete na saa vua.

Spika ziwe zimeungwa muda wote, au resista kubwa ya ohm 8 badala yake. Ampu ya valvu kupigishwa bila spika ndo njia ya haraka ya kuua transfoma ya kutolea sauti, ni kinyume kabisa na ampu za transista ambazo bila spika hazina habari. Na usichomoe valvu ikiwa inawaka hata kama umemwona mtu anafanya.

ST-70 za mwanzo zilikuja na plagi ya miguu miwili, hazina ethi. Kama yako bado iko hivyo weka waya wa miguu mitatu, ethi iungwe kwenye chesisi, kabla hujagusa kingine chochote.

Umeme wa nyumbani kwako

Hapa ndo tofauti kati yetu na wale tunaosoma maelezo yao. Ampu ya Marekani ni ya volti 120 na hii ya 1959 ilitengenezwa wakati wao wanahesabu 117, sisi tuna 230, tunaweka transfoma ya kushushia. Sasa nyumbani kwangu usiku watu wakishalala umeme unapanda mpaka 245. Piga hesabu: transfoma ya kushushia itatoa karibu 128, ambayo ni zaidi ya 117 kwa kama asilimia 9, na hita ya valvu (ule uzi wa ndani unaoipasha moto) iliyotakiwa kupata volti 6.3 inapata karibu 6.9, na ile 415 nayo inapanda pamoja nayo. Karatasi za viwanda kwa kawaida zinaruhusu hita isogee asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo uko ukingoni kabisa kabla hujabadilisha kitu.

Halafu transfoma ya kushushia haibadilishi hezi. Transfoma iliyopigwa hesabu kwa 60 za Marekani ukiipa 50 zetu inachemka zaidi, na transfoma ya pawa ya ST-70 hata kwao wenyewe inajulikana kwa kuchemka. Mimi natumia stebilaiza na naishusha mpaka hita isome 6.3 kwenye soketi yenyewe, kati ya pini 2 na 7, mita ikiwa kwenye AC. Fanya hicho kipimo leo hata kama valvu hubadilishi.

Ampu yako ni ya bayasi gani

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kurekebisha kwa mkono, kuna poti ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi inayopeleka volti hasi kwenye gridi ya valvu (waya wa ndani unaoongoza mkondo). ST-70 ndo hii. Hapa kila ukibadilisha valvu lazima urekebishe upya, hakuna mjadala, hata kama mpya ni jina lilelile la kiwanda kilekile.

Ya pili inajirekebisha yenyewe kwa resista iliyo chini ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), nyingi za EL84 na 6V6 na zile ndogo za valvu moja kila upande ziko hivi. Watu wanasema hizi chomeka tu na uondoke. Mimi nasema chomeka, afu pima. Chukua volti za kathodi gawanya kwa resista yake: kwa mfano volti 11 kwenye resista ya ohm 270 ni ampea 0.0407, zidisha kwa volti zilizopo kati ya anodi (lile bati la ndani) na kathodi, tuseme 289, unapata kama wati 11.8. EL84 mwisho wake ni 12. Hapo valvu iko ukingoni na hakuna kitufe cha kuipunguzia, kwa hiyo valvu dhaifu haitadumu humo, tafuta zile ngumu za Kirusi 6P14P-EV au badilisha resista iwe kubwa kidogo.

Zipi zinaingia na zipi zinaingia tu kwa pini

Soketi ya miguu minane ni janga, maana EL34, KT88, 6550, 6L6, KT66, KT77, KT120, KT150 na 6V6 zote zinachomeka humo vizuri kabisa. Kuchomeka sio kukubaliana. (EL84 ni kitu kingine, ndogo ya miguu tisa, jina tu limefanana na EL34.) Angalia vitu vinne.

Hita. EL34 inakula ampea 1.5. KT77 iko karibu nayo. KT88 na 6550 ni 1.6. KT66 kama 1.3, 6L6GC ni 0.9 tu. KT120 inaweza kufika 1.95 na KT150 mpaka 2. Kwenye ST-70 kila waya wa hita unalisha EL34 mbili na valvu ndogo 7199 inayokula 0.45, jumla 3.45. Weka KT150 mbili na hesabu inakuwa 4.45, ampea nzima zaidi kwenye transfoma ambayo tayari unaweza kukaangia yai. Mimi siweki, na ukiniuliza kuhusu KT88 kwenye transfoma ya zamani ya asili jibu langu ni hilohilo, ingawa kwa karatasi tofauti ni ndogo.

Wati za anodi. EL34 ni 25, 6L6GC 30, KT88 ni 35 kwa hesabu za kawaida za kiwanda, KT120 ni 60, KT150 ni 70. Watu wakiona 70 wanadhani ampu itakuwa ya wati 70. Haiwi. Wati za kutoka kwenye spika zinaamuliwa na volti zilizopo na transfoma yako, valvu kubwa kwenye ampu ndogo ni lori la tani kumi kubebea mkungu wa ndizi, itadumu kwa sababu haifanyi kazi lakini hita unailipia.

Pini namba 1. Kwenye EL34 hii ni gridi ya tatu na lazima iungwe na kathodi, pini 8. ST-70 imeshaungwa. Ila ampu iliyotengenezwa kwa 6L6 au KT88 mara nyingi pini 1 iko wazi, au fundi aliitumia kama mahali pa kushikia waya wa kitu kingine, na ukichomeka EL34 hapo gridi ya tatu inaning'inia hewani au inapata volti isizozitaka. Pindua ampu uangalie kwa macho yako.

Resista ya gridi, hii wengi wanairuka. ST-70 ina kilo-ohm 270 kutoka gridi kwenda kwenye bayasi. EL34 inaruhusu mpaka 500 kwa matumizi haya. 6550, kwenye karatasi ya Tung-Sol wenyewe walioitoa, kwa bayasi ya kurekebisha mwisho ni kilo-ohm 50. Valvu kubwa ikipata joto gridi yake inavujisha mkondo kidogo, na kwenye resista kubwa huo mkondo unageuka volti, bayasi inalegea, valvu inazidi joto, inavujisha zaidi, mpaka inaiva. Unaweza kuisikiliza mwezi mzima iko vizuri afu siku moja ya joto la Februari ndo inaondoka.

Kwa hiyo kwa ST-70 isiyoguswa orodha yangu ni fupi: EL34 za viwanda mbalimbali, 6CA7, na KT77. 6CA7 inasemekana ni EL34 kwa jina la Kimarekani, lakini zile nene za GE na Sylvania ndani yake ni tetrodi ya bimu (haina gridi ya tatu), sio pentodi kama EL34, ndo maana besi yake inakaa tofauti. 6L6GC inawezekana na hita inapumzika, ila A-470, transfoma ya kutolea sauti, ni ya ohm 4300 na 6L6 inapenda kubwa zaidi ya hapo, nilijaribu, haikunifurahisha nikaitoa.

Kununua bila kupigwa

Jina kwenye kioo halikwambii imetoka wapi. Mullard ya zamani ilitengenezwa Blackburn, Uingereza, na ina kodi (alama za siri za kiwanda) mbili ndogo za kijivu chini kwenye kioo, mstari wa kwanza kama xf2 na wa pili unaanza na B ya Blackburn. Mullard mpya ya leo inatoka Saratov, Urusi, kiwanda kilekile kinachotoa Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol mpya na Gold Lion mpya, vyote chini ya New Sensor ya Marekani. Sio mbaya, mimi ninazo, ila usilipe bei ya Blackburn kwa mzigo wa Saratov. JJ ni Čadca, Slovakia. Psvane na Shuguang ni China. Mwaka 2022 mzigo wa Urusi ulipoyumba bei zilipanda kila mahali na bandia zikaongezeka.

Kodi za kijivu zinafutika kwa kidole, kwa hiyo zikiwa zinang'aa na kukaa imara kama rangi ya gari ujue kuna mtu kapiga chapa juzi. Angalia pini: zikiwa na mikwaruzo mirefu zimeshachomekwa sana, hata boksi liwe jipya vipi. Ile rangi ya fedha ndani ya kioo ikigeuka nyeupe kama maziwa hewa imeingia, hiyo imekufa, usiiwashe. Ikiwa ya kahawia pembeni imetumika muda mrefu.

Na nunua zilizolinganishwa, nne kwa nne au mbili kwa mbili, muuzaji aandike mkondo alioupima na volti alizopimia. Namba peke yake kwa kalamu kwenye boksi haina maana. Zangu zile za mkasa zote nne zilikuwa na namba 38 kwenye boksi, sijui hiyo 38 ilikuwa ya nini, labda saizi ya viatu.

Sasa mkasa wenyewe

ST-70 ina resista moja ya ohm 15.6 kwa kila chaneli, na valvu mbili za chaneli hiyo zinapitisha mkondo wao kwenye resista hiyohiyo. Volti 1.56 maana yake miliampea 100 kwa zote mbili, yaani 50 kila moja. (Hiyo 1.56 walivyoichagua ni ujanja mzuri: betri mpya kavu ya tochi inasoma karibu hapo, kwa hiyo mtu wa 1959 mwenye mita ya mashaka aliweza kuilinganisha na betri kwanza.) Lakini resista inajua jumla tu. Haijui nani kabeba nini. Upande wangu wa kushoto moja ilikuwa inavuta kama 75 na mwenzake 25, jumla 100, mita inafurahi. Volti 415 mara 0.075 ni wati 31 kwenye valvu ya wati 25.

Dawa ni kuondoa hiyo 15.6 na kuipa kila kathodi resista yake ya ohm 10, wati 1, kutoka pini 8 kwenda chesisi, pini 1 na 8 zibaki zimeungwa. Sasa kila miliampea 1 inaonekana kama milivolti 10, kwa hiyo 40 ni volti 0.40, hesabu ya kichwani. Poti bado ni moja kwa valvu mbili, haitaziponya zilizotofautiana, lakini utaziona. Kama hutaki kuchoma sodari kuna soketi za kati unazochomeka chini ya valvu zenye waya wa kupeleka kwenye mita, zinafanya kazi ileile.

Uweke ngapi? Hamsini ya kiwanda mimi naiona kubwa kwa valvu za leo na umeme wetu. Asilimia 70 ya wati 25 ni 17.5, gawanya kwa 415 unapata miliampea 42. Naweka 40, na kama bado una resista ya 15.6 hiyo ni 1.25 kwenye mita. Sikusikia hasara, na transfoma unaweza kuweka kiganja ukahesabu mpaka tano.

Ukaguzi kabla ya kuchomeka mpya

Ukiruka hapa unachoma pesa. Kapasita za zamani zinazotenganisha valvu ndogo na za pawa zikianza kuvuja zinapitisha volti chanya kwenye gridi, na valvu mpya inaiva ndani ya dakika wewe unamlaumu muuzaji. Kipimo: toa valvu nne za pawa, ya rektifaya na ndogo zibaki, washa, mita iwe DC, pima pini 5 ya kila soketi tupu kwenda chesisi. Inatakiwa iwe hasi, na za chaneli moja zilingane, zikipishana volti nzima kuna kitu. Ikianza hasi afu inapanda taratibu kuelekea sifuri kapasita inavuja, badilisha zote nne usibadilishe moja. Fanya haraka maana bila valvu za pawa volti kubwa inapanda sana juu ya 415 na kapasita ya chujio haipendi.

Hapohapo zungusha poti mwanzo mpaka mwisho uone volti hasi inafuata bila kuruka. Bayasi ya ST-70 inatengenezwa na rektifaya ndogo ya seleniamu ambayo kwa umri huu imechoka, dayodi ya silikoni ya shilingi mia chache inaimaliza hiyo hofu.

Mimi naishi karibu na bahari, chumvi inaingia kila mahali, pini za soketi zinaota kijani. Spreyi ya kusafishia swichi, kijiti cha meno, chomeka chomoa valvu ya zamani mara kumi, afu acha ikauke. Angalia kati ya pini 2 na 3 kama kuna mstari mweusi, hapo ndo EL34 hupiga cheche na ukishaungua mstari mweusi unapitisha umeme, soketi hiyo itupe. Na toa mende. Sitanii, nilishakuta mjusi mkavu amelala juu ya waya wa anodi.

Kubadilisha, mwanzo mwisho

Kabla hujatoa za zamani ziwashe nusu saa, andika mkondo wa kila moja, volti ya anodi pini 3, hita. Hiyo ndo rejea yako, bila hiyo hujui mpya zimebadilisha nini.

Zima, chomoa, ziache zipoe dakika 20. Shika kitako sio kioo, itikise kidogo duara huku unavuta juu. Zungusha poti zote mbili mpaka upande wa hasi zaidi, yaani mkondo mdogo kabisa (ulishaujua kwenye ukaguzi). Chomeka mpya, ule ufunguo wa plastiki katikati uingie kwenye tundu lake bila kulazimisha, kama umekatika kwenye valvu ya zamani usibahatishe.

Spika zimeungwa, hakuna muziki, zima taa za sebuleni. Washa. GZ34 inachelewa kupata moto na hiyo ni neema, volti kubwa inapanda taratibu. Angalia mabati ya ndani, sio hita. Hita ya njano chini na juu ni kawaida. Mwanga wa bluu uliotandaza kwenye ukuta wa kioo ni kawaida na unapendeza. Mwanga wa zambarau au pinki katikati ya vyuma kama ukungu ni gesi, zima. Bati likianza wekundu, hata mstari mwembamba tu, zima hapohapo usisubiri uhakikishe.

Dakika tano zikipita salama panda na poti ya kushoto mpaka miliampea 30 kila valvu, afu ya kulia 30, rudi kushoto 35, kulia 35. Kwa nini kwa zamu? Kwa sababu zote zinakula sahani moja, ukiongeza huku volti ya kule inashuka. Malizia 40, acha nusu saa, rekebisha tena. Siku ya pili tena. Baada ya wiki tena, valvu mpya zinatangatanga siku za mwanzo. Kwenye chaneli moja zikipishana zaidi ya miliampea 5 badilishana na za chaneli ya pili utafute wanandoa wanaoelewana.

Moja ikiiva, baada ya kupoa ihamishie soketi nyingine. Wekundu ukiifuata, valvu mbovu. Wekundu ukibaki soketi ileile, ampu ndo mgonjwa, rudi kwenye pini 5.

Kusikiliza

Pakua sauti ya mlio mmoja wa hezi 400, mita nyingi za bei ya kawaida zinasoma hapo vizuri. Pima volti za AC kwenye skrubu za spika ukiwa na valvu A, tuseme 1.00, ukibadilisha kwenda B rudisha voliumu mpaka isome kati ya 0.98 na 1.02. Bila hiyo ile iliyo juu kidogo itashinda kila siku na utaita "uwazi".

Kingine uelewe ST-70 ina fidibaki (sehemu ya sauti ya kutoka inarudishwa mwanzo kusahihisha makosa) ya desibeli 20 na pato la ultralinia (gridi ya pili ya valvu inaungwa kwenye sehemu ya waya wa transfoma ya kutolea sauti), mpango ambao Hafler na Herbert Keroes waliutangaza 1951, na vyote viwili kazi yao ni kufuta tabia za valvu. Kwa hiyo usitegemee muujiza, EL34 nzima ya kiwanda hiki na nzima ya kiwanda kile zitafanana kuliko maneno ya watu. Mwenye ampu ya valvu moja ya 300B kila upande, bila fidibaki, ndo anayesikia kila kitu, kwa wema na kwa ubaya.

Rekodi ninazotumia ni taarabu ya kizamani yenye kanuni (ile ala ya nyuzi ya kudonoa) na fidla nyingi, kanuni ikidonolewa kwa haraka valvu iliyochoka inazigandisha nyuzi, unasikia mchanga. Na dansi yenye gitaa tatu, nafuatilia gitaa la ridhimu nione kama napoteza mahali lilipo solo ikiingia. Wimbo uleule, dakika mbili zilezile. Mke wangu hajui imewekwa ipi, naandika anachosema. Mara ya kwanza kati ya seti tatu alizitofautisha mbili, na hizo mbili moja ilikuwa ile seti ya mkasa, ambayo hata mgeni angeijua.

Kwangu sasa hivi zimekaa KT77. Juu zimetulia, besi imebana kidogo kuliko EL34 za Saratov, na kwa ukweli tofauti niliyoisikia siku niliyobadilisha kapasita zilizovuja ilikuwa kubwa kuliko valvu zote nilizowahi kununua. EL34 ziko kabatini zimefungwa kwenye karatasi, kila boksi limeandikwa kwa penseli tarehe, soketi na mkondo wa mwisho, mbili za kushoto zimefungwa pamoja kwa raba.